Mabuyu

Halati Zuhura wa Kibokoni hapimi kwa mizani.
Sukari huijua kwa sauti:
povu likishakuwa zito, la polepole,
kama mtu anayeongea na usingizi,
hutia rangi, iliki, pilipili kidogo,
humwaga mbegu za ubuyu, hugeuza, hugeuza,
hata kila mbegu itoke na joho jekundu
la kunata vidoleni, menoni,
na kwenye daftari langu la darasa la sita.

Leo nimevaa glavu.
Maabara ya Tononoka, saa nane za usiku, feni imekufa.
Kwenye kifuniko cha sahani, mwandiko wa haraka:
Umazi, miezi tisa, Kisauni.
Anaendesha tangu Jumatatu.
Mamake aliniambia maji ni ya mkokoteni,
na yalikuwa meupe.

Meupe, ndiyo.

Kidudu hiki kina mikono,
protini ndefu zilizochomoza nje ya ngozi yake,
na mkono mtupu huteleza.
Basi ndani, kabla mkono haujatoka mlangoni,
vimeng'enya kumi na viwili vimekaa duara
bega kwa bega, kila kimoja na chembe ya chuma,
vinatwaa sukari ya kaboni saba
(si ya muwa, si ya kutiwa chai)
na kuibandika, hapa, na hapa, na hapa tena,
mpaka mkono umevishwa, unatoka,
unaushika utumbo wa mtoto
na haubanduki.

Haya siyaoni. Hadubini yangu haifiki huko.
Nayajua kama nilivyojua, nikiwa uani,
kwamba Halati yuko jikoni:
kwa kinachotoka.

Chanda chema huvikwa pete.
Wahenga hawakusema
anayevisha huangalia nini.
Fundi haulizi mkono unakwenda kumshika nani.

Mama wa Umazi yuko kwenye benchi, kanga imelowa begani.
"Umekiona?"
"Nimekiona."
"Kinafananaje?"

Nikataka kusema. Ladha ya iliki ikanijia ulimini.
Nikasema, "Kidogo sana, mama. Kijiti tu."

Kisha nikachana pakiti,
nikamkorogea kwenye maji yaliyochemshwa na kupoa:
chumvi, na sukari.
Sukari nyingine hii.
Akampa kijiko, akangoja.
Kijiko, akangoja.
Mtoto akalamba mdomo,
akatafuta kijiko kwa macho.