Nyumba Yetu Haina Namba

Fomu yauliza mtaa.
Naandika: Mkomani.
Fomu yauliza namba ya nyumba.
Hapo nakaa kitako.

Ningeiambia: ukitoka gatini shika kichochoro
ambacho punda wawili hawapishani,
mmoja sharti arudi kinyumenyume na matofali yake;
ukiisikia cherehani ya Bi Rukia kulia kwako, umepotea,
isikike kushoto;
mlango wetu ni ule wenye kiraka cha bati.
Kisanduku chapokea herufi thelathini tu.
Nikaandika: karibu na cherehani.

Wasema wana dola zangu kumi na senti nne.
Hawanipi mpaka wajue kuwa naishi mahali,
na ili wajue, watatuma barua,
barua ya karatasi, yenye namba sita ndani.
Miezi kumi na mmoja nimeandika hewani,
na sasa hewa yataka stempu.

Nilianza na mkate wa mofa wa mama.
Wasomaji watatu: mimi,
binamu yangu Nana aliye Mombasa,
na mtu wa Ufini aliyekaa sekunde nne.
Kizuri chajiuza, walisema wahenga.
Wahenga hawakuwahi kuwekwa ukurasa wa kumi na saba.

Nikajifunza kutembeza.
Kichwa kisizidi herufi sitini.
Neno litafutwalo liwe mstari wa kwanza, na wa tatu,
na chini ya picha, na ndani ya jina la picha.
Vyumba vya bei nafuu Shela. Vyumba Shela bei nafuu.
Shela, bei nafuu, vyumba.
Nikiyasoma kwa sauti mama huitikia amina,
adhani ni uradi.

Wakaja.
Usiku, bando liliposhuka bei, nilikaa darini
nikitazama hesabu ikipanda kama maziwa jikoni.
Pembeni mwa maneno yangu likajipachika tangazo:
kitanda cha mbwa, chenye godoro la sponji.
Nilipoandika khitma ya baba lilikuwa palepale.
Mtu akalibonyeza. Senti tisa.
Sijui nilizihesabu kwa moyo gani zile.
Nilizihesabu.

Posta, Famau alizigeuza bahasha kama achambuaye mchele.
"Bado."
Wiki ya tano: "Bado."
Wiki ya saba alitikisa kichwa nikiwa ningali mlangoni.
"Pesa zenyewe zi wapi?" mama akauliza.
Nikamwonyesha kioo cha simu. Akakifuta kwa kanga,
akatazama tena.

Barua ilikuja na mchukuzi wa saruji.
Famau alimkabidhi Kupi, Kupi akamuuliza muuza viazi,
muuza viazi akataka kujua: Mwanamkuu wa mofa
au Mwanamkuu mkunga?
Wa mofa. Yule mwembamba, asolala.
Bi Rukia akaisimamisha cherehani
akaelekeza kwa mkasi.
Kabla sijafungua mlango, ujirani mzima ulikwisha jua
nimeitwa kazi Marekani.

Mwaka mzima nasomea namna ya kupatikana,
na hapa napatikana kwa kikohozi.

Namba sita. Nikazibonyeza moja moja.
Skrini ikanishukuru kwa jina langu, ikalikosea,
ikasema pesa hutoka zikifika mia.
Mama alicheka hadi akakaa chini.

Usiku ule niliufungua ukurasa wa mofa,
wenye wasomaji watatu,
nikairudisha sentensi niliyoikata mwezi wa pili
kwa kuwa haikuwa na neno litafutwalo:
Mama hupuliza moto jicho la kushoto amelifumba.
Duniani kote hakuna alitafutaye jicho lile.
Nikaliweka mstari wa kwanza.