Pampu Haina Kosa

Walikwisha kuihukumu kabla sijashusha begi.
Pampu imekufa, walisema,
na ng'ombe wawili walikwisha kufungwa kamba kando ya banda,
wanacheua,
hawajui kwamba wao ndio spea.

Hapa ni Nyanguge. Mvua ya kwanza imeshapita,
upepo wa ziwani unakuja na harufu ya matete,
na trekta la Bugumba limekwama katikati ya shamba la pamba.
Jembe linapanda nusu, linatetemeka, linarudi chini pole pole
kama mtu anayekalia kiti asichokiamini.

Nikauliza mafuta. "Yamejaa."
Nani kapima? Kimya.
Nikachomoa kijiti, nikakifuta kwa ncha ya kanga, nikakirudisha, nikakitoa:
yamejaa kweli, ila yamepauka,
yana povu la togwa lililosahauliwa juani.
Nikachota kidogo kwenye glasi, nikaiweka juu ya tairi.
Maji yangebaki humo na weupe wao.
Hewa haina subira: ilipanda, ikatoka,
mafuta yakaanza kung'aa kuanzia chini.

Wao walikuwa wametandaza maboksi ya sabuni chini ya trekta,
wanawinda tone tangu asubuhi.
Boksi kavu. "Unaona, fundi? Halivuji popote."
Bugumba akapeleka kiganja kupapasa mpira wa presha;
nikampiga mkono kama mtoto aliyefunua sufuria.
Nilimjua Maduhu wa kiwanda cha kuchambulia pamba:
tundu dogo kuliko la sindano,
mafuta yalimwingia kidoleni bila damu, bila kelele,
na alirudi kutoka Bugando na mkono wa vidole vitatu.
Kama lazima upapase, papasa kwa boksi.

Halafu nikawaambia, na hili nalisema kila niendako:
pampu ina upande wa kusukuma na upande wa kunyonya.
Tundu la kusukuma hutema, utaliona.
Tundu la kunyonya hunywa.
Halidondoshi kitu. Ardhi chini yake ni safi
kama kizingiti cha mlevi anayenywea ndani.

Washa.
Pampu ikalia, ule mlio mwembamba wa mbu sikioni.
Nikachota grisi kwa kidole, nikapaka kiungo cha kwanza: inalia.
Cha pili: inalia.
Cha tatu kiko nyuma ya filta, spana haigeuki pale,
kwa hiyo hakuna aliyefika.
Nikapaka.
Grisi ikabonyea katikati, ikamezwa,
na pampu ikanyamaza.
Pumzi tatu, nne. Kila mtu alikusikia kule kunyamaza.
Kisha grisi ikaisha, mbu akarudi.

Nilifungua kwa nusu saa na ngozi ya vidole viwili.
Oringi ilikuwa imelala bapa, ngumu kama ukucha.
Na nyuma yake mtu alizungusha
uzi wa nyavu za dagaa, mizunguko tisa,
fundo la kushoto.

Ni mimi ninayefunga kwa kushoto.
Nikakwangua rangi ya bluu: chini yake wekundu wa ushirika.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa, yadi ya Magu, kabla ya mnada,
nikamwambia karani, hii itakufikisha Jumamosi.
Imefika miaka kumi na minne.

Sikusema kitu. Uzi niliutia mfukoni.
Oringi ya shilingi mia tano nikaitoa kwenye kopo la kiwi,
nikaipaka mafuta, nikaikalisha, nikakaza bila hasira.
Tukaacha injini ingurume mpaka povu likaisha.
Jembe likapanda moja kwa moja, udongo ukiporomoka.
Bugumba akalishusha, akalipandisha, akalishusha tena,
mtu mzima na ndevu zake.

"Itadumu?"
"Itakufikisha Jumamosi."
Wakacheka wote.
Minza, mkewe, hakucheka.
Alimfungua ng'ombe mmoja,
wa pili akamwacha kwanza.