Nyundo ya Alhamisi Kuu

Mimi hutengeneza mageti, ekzosi za magari,
na mara moja kengele ya kanisa iliyopata ufa.
Kusali sijui. Nilijifunza kuchomelea
katika karakana ya serikali ambayo imeshakufa,
na mwalimu wetu alituambia mbingu ni hewa,
hewa na baridi. Nilimwamini. Bado namwamini.

Lakini kila Alhamisi Kuu, theluji inapolegea
na Lentekhi kunuka matope na mavi ya ng'ombe,
naamka gizani, nalifunua fuawe la babu,
nalipiga. Mara tatu. Chuma juu ya chuma,
pasipo kazi yoyote katikati.

*Alikuwapo, hakuwapo*
(hivyo ndivyo hadithi zetu hufungua mlango)
mtu mmoja aliyewashinda wote kwa nguvu
hadi akachoka kushinda, akamtaka Mungu mweleka.
Mungu akachomeka kigingi: King'oe.
Akaking'oa. Cha pili, akaking'oa.
Cha tatu kikaota mizizi,
mizizi ikaifunga dunia kama kamba mzigo wa kuni.
Akafungwa hapo kwa mnyororo,
mlima ukafunikwa juu yake kama sufuria.

Mbwa wake, aliyezaliwa na tai, usiniulize vipi,
akaingia naye. Mwaka mzima huuramba mnyororo,
ulimi juu ya chuma, ulimi juu ya chuma,
hata pete moja ibaki nyembamba kama uzi.
Ndipo wahunzi wa Kaukazi hupiga mafuawe,
na mnyororo ukanenepa tena.

Padri Ioseb alinifuma mwaka juzi.
"Kumbe unaamini!"
"Siamini, Baba."
"La kwangu huamini, la mbwa unaamini?"
"Wala la mbwa."
"Basi unapiga nini?"
Nikamwonyesha kishimo katikati ya fuawe,
pale nyundo ya babu, na ya baba yake babu,
zilipokula chuma kidogo kidogo.
"Napiga hapa," nikasema.
Akacheka, akakubali chai.
Ni mtu mwema. Pesa ya geti bado namdai.

Mlima wenyewe nimeuingia.
Walipochimba handaki la maji ya umeme
nilichomelea mabomba humo miezi minne.
Hakuna mtu. Kuna mawe, matone, na panya wawili.
(Siku ya mwisho, wenzangu walipotoka,
nilizima tochi nikasimama kidogo.
Si kwa imani. Nilitaka tu kusikia
kama ulimi ungekuwapo, ungetoa sauti gani.)

Mwaka huu alikuja Tekle, mjukuu wangu, miaka sita,
akaketi juu ya tairi, buti kazivaa kinyume.
Nikamsimulia yote. Nilibweka panapobwekwa.
"Ulimi haumuumi?"
Unamuuma.
"Anakula nini humo?"
Babu hakusema. Tukakubaliana: jibini.
Akanyamaza, akaitazama nyundo mkononi mwangu.
"Kwa hiyo wewe ndiye unayemharibia kazi?"

Miaka arobaini nimepiga.
Sikuwahi kujiuliza niko upande wa nani.

Ningeweza kumwambia: mjukuu wangu, hakuna mbwa.
Angenijibu: najua.
Tungebaki wawili karakanani, wenye akili,
na kahewa kabaridi.

Nikainua nyundo. Nikaishusha polepole,
kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa.
Moja.
Tekle akasubiri, vidole vitatu hewani.
Nikaitundika nyundo msumarini.
Akakunja vidole viwili.

Mara bondeni, kwa Gocha, yule asiyejua kusimulia,
zikalia tatu, kubwa, za kuitikisa mito.
Tekle akaruka kutoka kwenye tairi.
"Twende tukamwambie!"
Akakaa chini kwenye vumbi la chuma, akavua buti,
akaanza kuzivaa upya, ya kulia kulia,
ya kushoto kushoto, kama mwenye safari.