Nenda 4070

Ofisini Ganjoni, orofa ya tatu, feni
inapiga makofi ya mtu asiyependa mchezo.
Mezani ankara ya Bi Mwanakombo Shee wa Kisauni:
mjane mmoja, mfereji mmoja, ndoo tatu,
shilingi laki mbili na elfu kumi na nne.

Kosa limo humu, kwenye programu
aliyoiandika Badi Twalib nami sijaota meno.
Mistari elfu sita. Nimeishika ncha ya uzi tangu asubuhi.

Mstari 310 waniambia: nenda 4070.
Nikaenda.
4070 wauliza kama mita imesomwa. Haikusomwa? Nenda 1200.
Nikaenda.
1200 wafanya hesabu nusu, kisha, bila hata kuaga,
nenda 4085.
Nikaenda, na nilipofika nikasimama
kama mtu aliyeingia jikoni akasahau alifuata nini.
Nimetokea wapi? 4085 haujui.
Unapokea wageni kwa milango saba
na hakuna abishaye hodi.

Kibokoni nilikozaliwa vichochoro vimepinda,
lakini ukigeuka utaona ulikopita.
Humu unachomolewa hapa, unachomekwa pale,
na nyuma yako ni ukuta.

Nikachora mishale kwenye karatasi.
Kufikia adhuhuri ilikuwa sahani ya tambi.
Hamadi wa meza ya pili akachungulia:
"Futari mapema leo?"

Nikarekebisha 2230; hesabu za Likoni zikaharibika.
Nikarudisha.
Nikagusa 3015; mashine ikaganda.
Nikarudisha, nikanywa maji.

Saa kumi ndipo nikaliona.
4080 ndio unaosafisha jumla ya mteja aliyetangulia.
Ndio birika: kila apitaye hutawadha.
Lakini arukaye kutoka 1200 huangukia 4085,
hatua moja mbele ya maji,
akaingia na tope za wenziwe.
Mita ya Bi Mwanakombo imekwama tangu Machi.
Amebebeshwa maji ya mtaa mzima
na ya hoteli moja yenye bwawa.

Nikampigia Badi. Anafuga njiwa sasa, Mtongwe.
Hakukasirika.
"Kumbukumbu ilikuwa ndogo, mwanangu.
Kila mstari ulikuwa na bei.
Kuruka kulikuwa rahisi kuliko kupanga."
Njiwa wakaguna.
"Nami nilidhani nitakuwapo siku zote, niwaeleze."

Nimeanza kuibomoa, chumba kwa chumba.
Kila kazi nimeipa jina, na mlango,
na kila kitanzi kinajua kinapoishia.
Mruko mmoja nimeuacha,
ule wa faili kukosekana: wenda mbele tu,
hadi mwisho, ukafunga kila kitu ukazima taa.
Huo sina ugomvi nao.

Ankara mpya: shilingi mia tatu na arobaini.
Bi Mwanakombo akaisoma mara mbili, akaikunja,
akauliza ni lini atakuja mtu
kutengeneza mita.

Nikatazama skrini.
Hilo halina mstari.