Ufunguo wa Akiba

Ulipanda ngazi kumi na saba, Zurabi.
Nilizihesabu; kuhesabu ndiko nilikotoka nako kule.
Theluji ya Kutaisi mabegani, sanduku la zana mkononi.
Nilitaka kitasa ambacho funguo zake ninazo mimi tu.
Hukuuliza. Ukatoboa mlango, ukafagia unga wa mbao,
ukanikabidhi zote, hata ule wa akiba.

Ukawa waja. Waacha komamanga kizingitini,
washuka.

Mwezi wa tatu ndipo ukasema,
macho kwenye viatu vyako:
kile kitasa cha ghalani, cha miaka yangu minne,
kilitoka dukani kwako.
Alikwambia ni cha banda la mbwa.

Sikulia. Nilikuvuta ndani,
nikatoka,
nikakufungia.

Usiku kucha nilikaa ngazini, chuma kikinichoma kiganja.
Hukubisha. Hukuita. Ulikohoa mara mbili.
Mto Rioni ulinguruma chini ya daraja.
Nilitaka uogope, Zurabi.
Nilitaka giza likuzoee.

Alfajiri nikafungua. Umeketi sakafuni,
umelimenya komamanga punje kwa punje kwenye sahani,
hukuonja hata moja.
Nikala mimi, nimesimama, wewe ukinitazama vidole vyekundu.
Mkono wako uliuliza.
Wangu ulichelewa, lakini ulikwenda.

Sijakusamehe. Mimi si mtu wa haraka.
Ila jana nililala mlango nimeurudishia tu,
na leo, ukitia mkono mfukoni mwa koti,
utakuta kitu baridi.
Usikitumie bado.