Tarishi Anasubiri Barua

Miaka thelathini na sita Belmiro, baba yangu,
aligawa barua katika vijiji saba juu ya Mirandela,
kwanza kwa miguu, kisha kwa pikipiki ya njano
iliyokohoa kila mlima.
Alijua uzito. Ankara ni nyepesi.
Barua ya mwana aliye Ufaransa huvimba kidogo katikati
kwa noti iliyokunjwa.
Na ya hospitali, alisema, huwa baridi hata Agosti.

Sasa ni Novemba, naye anasubiri ya kwake.

Daktari alisema: tezi dume.
Akasema: imetoka humo, imehamia mifupani.
Akageuza skrini tuone. Nyonga, mbavu, uti wa mgongo.
Baba akavaa miwani, akasogea,
akauliza kama fundi aliyeitwa kukagua paa:
"Hili doa la kushoto ni la zamani?"
Mimi nilikuwa nahesabu. Nilifika kumi na manne, nikaacha.

"Tutawaandikia tarehe ya kuanza."
Basi tumekaa.

Mgonjwa haulizwi uji, ndivyo wasemavyo watu,
lakini mimi namuuliza. Supu ya kabichi au ya maboga?
Soksi zipi? Redio, au kimya?
Namuuliza hata chumvi,
kwa sababu mambo makubwa
hakuna aliyemuuliza.

Usiku vidonge vya kwanza humwasha moto.
Saa tisa namkuta jikoni, mlango wa friji wazi,
fulana imelowa, shingo nyekundu.
Mimi nina miaka hamsini na miwili,
nami nimeamshwa na moto wangu.
Tunasimama bega kwa bega mbele ya maziwa na jibini.
"Mama yako alikuwa hivi," anasema,
"nami nikimwambia avue sweta.
Miaka minne nilimwambia avue sweta!"
Anacheka mpaka anashika meza.
Kisha anashika mgongo,
na kicheko hakimalizi safari.

Mbele ya friji hiyo hiyo, usiku mwingine,
akanipa habari ya Eulália wa kinuni.
Barua yake ya hospitali ilifika Ijumaa,
bintiye alikuwa anaolewa Jumamosi.
Baba akaificha chini ya tandiko la pikipiki.
Jumatatu akaipeleka, hakumtazama machoni.
"Nilimwibia siku tatu," akasema. "Au nilimpa.
Mpaka leo hesabu hiyo hainikubali."

Subira yavuta heri. Labda.
Hapa imevuta mvua, jirani mwenye keki,
na binamu Adérito, aliyesoma mahali
kuhusu mbegu za komamanga.

Jumanne Lurdes, tarishi mpya, hakupiga honi.
Alishuka, akanipa mkononi.
Ilikuwa baridi kweli.
Nikaitia mfukoni mwa aproni, nikamenya viazi.
Nikamenya viazi vya watu wanane.
Dirishani nilimwona baba chini ya mizeituni,
ameketi juu ya kreti kwa kuwa kusimama kumekuwa kazi,
anabonyeza zeituni moja moja kwa kidole gumba.
Nikawaza: ale kwanza.
Kisha: alale kidogo.
Kisha: kesho.

Akaingia, akafuta viatu.
Akatazama aproni, si uso wangu.
"Kona imechungulia," akasema.

Nikatoa. Sikuwa na la kusema,
maji ya viazi yalinichuruzika hadi kiwikoni.
Hakuifungua. Aliipima kwanza kiganjani,
akailaza, akainyanyua tena.
Akalamba kidole, akasugua muhuri,
akasoma anwani kwa sauti,
na uso ukamkunjamana kwa ghadhabu ya kazi,
ghadhabu nzuri, ya zamani,
ambayo sikuiona tangu kiangazi:

"Wameandika namba kumi na saba.
Sisi ni kumi na moja."

Akaketi. Akachukua kisu changu cha viazi,
akakipangusa kwenye suruali.
"Mwambie Lurdes amefanya vizuri,"
akasema, akaipasua kwa juu, taratibu,
bila kugusa stempu.