Kipande Na. 4172

Uzamivu, sayansi ya taarifa, mwaka wa tatu:
bado niko ghalani Ngomeni
naingiza vipande vya manamba kwenye kompyuta,
vumbi la katani likinitoa chafya.

Namba 4172. Mkataji. Kovu gotini.
Deni: blanketi moja.
Jina: —

Profesa kanijibu kwa mstari mmoja:
"Taarifa pungufu. Iondoe."

Bi Staumili alileta chai,
akainamia skrini, akaguna.
"Ntahondi huyo. Akipiga zeze, kambi nzima kimya.
Na hilo blanketi alimzikia mwanawe."

Chai ikapoa.
Nami chuoni nina namba, ndefu kuliko hiyo.

Nimeongeza safu kwenye jedwali.
Chanzo: Staumili binti Semkiwa, muuza chai.
Alikuwepo.